Mwenye Kupunguzwa Tumbo Asiache Vidonge Vyake



Wasomaji wetu wapenzi, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya usafi wa nyumba, malezi ya watoto na adabu za kukaa na jirani. Mwezi huu nitazungumza juu ya jambo ambalo wazee wetu hawakulijua, nalo leo limekwisha kuingia majumbani mwetu. Jambo hilo ni upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula kwa mtu aliyezidiwa na unene, na yale yanayompasa kula na kumeza baada ya kupasuliwa. Sisemi haya kwa kuwa mimi ni tabibu. Mimi ni mwalimu wa chuoni, na masomo yangu ya skuli yalikoma darasa la saba. Nayasema kwa sababu nilikosea, na kosa langu lilimdhuru mtoto wa dada yangu. Mtu aliyekosea katika nyumba yake yampasa awazindue watu wa nyumba nyingine, ili kosa lile lisirudiwe.

Binti huyu nilimsomesha mimi mwenyewe tangu alifu na bee, akakhitimu mbele yangu. Alipoolewa alikwenda kukaa Muscat na mumewe, kama walivyokwenda wengi katika jamaa zetu wa pwani. Huko, baada ya uzazi wa pili, mwili ulimzidi, akapata maradhi ya sukari, na magoti yakamshinda hata akawa hasali ila kwa kukaa kitini. Madaktari wakamshauri apunguzwe tumbo, naye akakubali. Haikupita miezi mingi, sukari ikashuka, na akaweza kusujudu chini kama zamani. Sote tulimshukuru Mwenyezi Mungu.

Mwezi wa nne baada ya kupasuliwa alikuja Tanga kututazama. Tulipokwisha kula, akatoa mkobani chupa tatu za vidonge. Nikamwuliza, "Hivi vya nini, na wewe umekwisha pona?" Akanijibu, "Mjomba, daktari amesema nivitumie maisha yangu yote." Nikaishika chupa moja, nikaona vidonge vyake ni vya ganda laini, ving'aavyo kama shanga. Nikamwita mwanangu asome maandishi, akasoma kwamba ganda lile ni la jelatini. Sikuuliza ni jelatini ya mnyama gani. Nilisema papo hapo, "Viache, mwanangu. Hii ni nguruwe. Asali na habbat sauda vyakutosha." Naye, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha halali na haramu, akanitii. Akaziacha chupa zote tatu, hata zile mbili ambazo vidonge vyake vilikuwa vya kutafuna wala havikuwa na ganda lolote.

Mwaka wa pili ulipokaribia kwisha, alirudi na watoto wake kukaa kwa mama yake. Siku moja dada yangu aliniambia kwa siri, huku akicheka, kwamba binti anakula udongo. Alikuwa akiununua sokoni, ule udongo uliookwa wanaoupenda wanawake wenye mimba, akiutafuna mchana na usiku. Tukasema, hii ni kheri, mjukuu yuko njiani. Tuliyaona mengine pia, nasi tukayaeleza kwa njia ile ile: akipanda ngazi tatu hupumua kwa shida, tukasema ni mimba, amepauka midomo na viganja, tukasema ni mimba, hulalamika kwamba nyayo zake zawaka moto usiku na vidole vya miguu vimekufa ganzi, tukasema ni mimba. Alipokwenda kupimwa, mimba haikuwako. Damu yake ilikuwa gramu 7 kwa desilita, na mwanamke asiye na mimba hatakiwi kuwa chini ya 12.

Daktari alimwuliza, "Vidonge vyako vya vitamini uliacha lini, na nani aliyekuambia uache?" Binti alinyamaza, akainamisha kichwa. Alikuwa akinisitiri. Ikanibidi niseme mwenyewe, "Ni mimi, daktari." Daktari yule hakunikaripia. Alichukua karatasi, akanichorea tumbo la mwanadamu, akanifahamisha kwa upole kama ninavyomfahamisha mtoto herufi. Hayo aliyonifahamisha, na mengine niliyoyauliza baadaye kwa watu wa lishe, ndiyo nitakayowapa hapa.

Kwanza yafaa ijulikane upasuaji huu ni wa namna gani. Namna zinazotumika sana leo ni mbili. Ya kwanza ni kukata sehemu kubwa ya tumbo la chakula na kuitoa nje, robo tatu au zaidi, likabaki tumbo jembamba, refu, mfano wa mkono wa kanzu. Hii ndiyo aliyofanyiwa binti yetu. Ya pili ni kufanya kifuko kidogo juu ya tumbo, kiasi cha yai la kuku, kikaungwa na utumbo mbele zaidi, chakula kikapita njia ya mkato bila ya kupitia tumbo lililobaki wala mwanzo wa utumbo mdogo. Asili ya njia hii ya pili ni kazi ya Edward Mason, daktari wa Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, mwaka 1966. Leo upasuaji wa namna hizi wafanywa kwa wingi katika nchi za Ghuba, ambako wengi wetu wana ndugu, na katika miaka hii ya 2020 hospitali ya Muhimbili, huko Mloganzila, nayo imo katika kazi hii. Kwa hivyo si jambo la mbali tena.

Upasuaji huu si upuuzi wala si urembo mtupu. Kwa mtu ambaye unene wake umekwisha kuwa maradhi, waweza kumpunguzia sukari, shinikizo la damu na maumivu ya viungo, na kumrefushia maisha. Lakini kila kitu kina haki yake. Tumbo la chakula si gunia la kutilia chakula tu, lina kazi. Hutoa tindikali inayolainisha chakula na kuyaachanisha madini ya chuma na nyama au mboga, ili mwili uyapate. Hutoa pia kitu mfano wa mchukuzi, kinachoishika vitamini B12 na kuifikisha mwisho wa utumbo mdogo, mahali pa kuingilia damuni. Na ule mwanzo wa utumbo mdogo ndio mlango mkubwa wa chuma na wa kalsiamu, yaani madini ya mifupa. Basi ukilikata tumbo, umepunguza tindikali na umepunguza wachukuzi. Na ukiruka mwanzo wa utumbo, umeupita mlango. Hata mtu akila maini na mayai, sehemu kubwa ya faida yake yaweza kupita ikaenda zake. Tena hawezi kula vingi, kwani kifuko ni kidogo. Ndiyo maana vidonge vile si dawa ya kuponya maradhi, mtu akipona akaviacha. Ni badala ya kazi ya kiungo kilichoondolewa, na kiungo kile hakirudi.

Elimu hii si ya jana. Katika miaka ya 1890, huko Java, daktari wa Kiholanzi jina lake Christiaan Eijkman aliona kuku wanaolishwa wali wa mchele uliokobolewa mweupe wanapooza miguu, na wakilishwa mchele wenye ganda lake wanapona. Kilichokuwamo katika lile ganda ni vitamini B1, iitwayo thiamini, na Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Mwaka 1926, mjini Boston, George Minot na William Murphy walionyesha kwamba wagonjwa wa upungufu mbaya wa damu waliokuwa wakifa, walipata nafuu kwa kulishwa maini kwa wingi. Siri ya maini yale ilikuwa B12, ambayo haikupatikana peke yake mpaka mwaka 1948. Tazameni basi, vitu hivi ni vidogo hata havionekani kwa jicho, lakini vikikosekana, mtu hupooza na damu hukauka.

Sasa tuvitaje kimoja kimoja, kwani kila kimoja kina tabia yake.

Thiamini ndiyo yenye haraka. Akiba yake mwilini ni ya wiki mbili tatu tu. Mtu aliyepasuliwa karibuni akawa anatapika kila siku, yaweza kumwishia kabla ya mwezi. Akianza kuyumba katika kwenda, macho yakawa yanacheza au kuona viwili viwili, na maneno yake yakachanganyika, msiseme amepagawa wala msimpeleke kwa mganga wa kupunga. Mpelekeni hospitali saa ile ile, na mwambieni daktari kwa ulimi wenu kwamba huyu amepunguzwa tumbo na amekuwa akitapika. Neno hilo moja laweza kumwokoa, kwa sababu mtu kama huyu hutakiwa apewe thiamini kwa sindano kabla ya kutiwa maji ya sukari mishipani, au pamoja nayo. Akitiwa sukari bila ya thiamini, yaweza kummalizia kidogo kilichobaki, na ubongo ukadhurika.

B12 ni kinyume chake. Akiba yake i katika ini, nayo yaweza kuchukua miaka kwisha. Kwa hivyo anayeacha vidonge hajioni mgonjwa mwaka wa kwanza. Hujiona mzima, akajisifu kwamba waliomtisha walisema uwongo. Kumbe anakula akiba. Ikiisha, huja upungufu wa damu, ulimi kuwasha, kusahau sahau, na nyayo kufa ganzi. Tena hatari yake ni kwamba mishipa ya fahamu ikikaa muda mrefu bila ya B12 yaweza isirudi kama ilivyokuwa. Kiasi kinachoagizwa na mabingwa wa upasuaji huu ni mikrogramu 350 mpaka 1000 kila siku kwa kumeza au kuyeyusha chini ya ulimi, au sindano ya mikrogramu 1000 kila mwezi.

Madini ya chuma ndiyo yanayowapungukia wanawake zaidi, kwa sababu ya hedhi na uzazi. Mwanamke mwenye kupata hedhi aliyepasuliwa huagizwa miligramu 45 mpaka 60 kwa siku. Na hapa ndipo nilipojifunza habari ya udongo. Kutamani kula udongo, barafu au mchele mbichi mara nyingi ni alama ya kupungukiwa chuma, awe mwanamke ana mimba au hana. Sisi tuliona mwili unalia, tukadhani unafurahi.

Kalsiamu na vitamini D ni za mifupa. Kiasi cha kalsiamu ni miligramu 1200 mpaka 1500 kwa siku, chakula na vidonge pamoja, wala zisimezwe zote kwa mara moja, kwani mwili haupokei vizuri zaidi ya miligramu 600 kwa mara. Iko kalsiamu ya kaboneti, ambayo yataka tindikali ya tumbo na humezwa pamoja na chakula. Na iko ya sitrati, ambayo haihitaji tindikali, nayo yamfaa zaidi aliyepunguzwa tumbo. Vitamini D huanzwa na kipimo cha 3000, na daktari huongeza au hupunguza kwa kutazama damu. Msiseme jua letu latosha. Mtu anayeshinda ndani, au amejifunika mwili wote atokapo, jua halimfikii.

Zaidi ya hayo kuna kidonge cha mchanganyiko, chenye vitamini A, asidi ya foliki, zinki, shaba na vinginevyo. Yafaa kiwe cha watu wazima. Wako wanaonunua vile vya watoto, vitamu kama peremende, kwa kuwa ni rahisi kutafuna. Vingi katika hivyo havina chuma hata kidogo.

Vitu hivi vina ugomvi wao kwa wao. Chuma na kalsiamu havikai pamoja. Lazima zipite saa mbili kati yake. Chai na kahawa nazo hukishika chuma kisiingie mwilini, na maziwa kadhalika. Mtu anayemeza kidonge cha chuma kwa kikombe cha chai ya maziwa ni kama anayetia maji katika pakacha. Daktari alimpangia binti yetu kwa nyakati za sala, ili asisahau. Baada ya Alfajiri, pamoja na kifungua kinywa, kidonge cha mchanganyiko. Chai husubiri saa moja au mbili. Baada ya Adhuhuri kalsiamu, baada ya Alasiri kalsiamu, baada ya Magharibi kalsiamu, miligramu 500 kila mara. Saa nne usiku, wakati wa kulala, kidonge cha chuma kwa maji yaliyokamuliwa chungwa au ndimu. Na kila mwezi sindano ya B12. Mpango wa mwingine waweza kuwa mbali na huu, kwani kila mtu hupimwa kwa damu yake. Lakini njia ya kuufunga na nyakati za sala nimeiona ina baraka, kwa kuwa mwadhini haghafiliki.

Ama chakula chenyewe, yatupasa tujue hesabu mpya. Aliyepunguzwa tumbo hutakiwa apate angalau gramu 60 za protini kila siku, ili misuli yake isiliwe na mwili. Yai moja lina takriban gramu 6. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina 20 na zaidi kidogo. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15. Lakini yeye hawezi kumaliza kikombe cha maharage kwa mkao mmoja. Basi agawe chakula chake mara tano au sita kwa siku, na kila akikaa aanze na samaki, kuku, yai, dagaa, choroko au kunde, khalafu mboga, na wali au ugali uwe wa mwisho, ikiwa nafasi imebaki. Sisi desturi yetu ni kinyume. Twajaza sahani wali, samaki akawa kama pambo. Uji mtupu nao, ingawa ni mlaini na washuka vyema, haumtoshi. Utiwe maziwa au unga wa karanga.

Atafune mpaka chakula kilainike kabisa, asile kwa haraka, na maji asinywe pamoja na chakula bali anywe baada ya nusu saa, kidogo kidogo, mchana kutwa. Vitu vitamu sana, kama halwa, sharubati na soda, humshukia utumboni kwa kishindo, akatoka jasho, moyo ukamwenda mbio, akataka kuanguka. Mambo haya huwapata zaidi wale wa njia ya mkato, lakini hata wa mkono wa kanzu hawasalimiki wote.

Hapa nina neno na mama zetu na shangazi zetu. Sisi watu wa pwani twampenda mgeni kwa kumlisha. Mtu akiacha chakula sahanini twaona ametudharau. Jamani, aliyepunguzwa tumbo akisema ametosheka, ametosheka kweli. Tonge moja la kuridhisha mwenyeji humtapisha usiku kucha, na kutapika ndiko kunakoiondoa ile thiamini. Mwacheni ale kwa kiasi chake, na mpewe kipande cha samaki kilichonona badala ya kuongezewa wali.

Tena kuna jambo la uzazi, ambalo wenye ndoa yawapasa walijue. Unene ukipungua, mwanamke ambaye zamani alikuwa hashiki mimba huenda akashika upesi. Madaktari hushauri asubiri miezi 12 mpaka 18 baada ya kupasuliwa, mpaka mwili utulie, na avune akiba kwanza. Akishika mimba amwambie daktari mapema, kwani baadhi ya vidonge hubadilishwa. Vitamini A, kwa mfano, ina namna isiyofaa kwa mtoto tumboni ikizidi. Na mama anayenyonyesha huku hana B12, mtoto wake naye huikosa katika maziwa, akadhoofika akili na mwili. Kidonge cha mama, basi, kina haki ya mtoto ndani yake.

Sasa nirudi katika lile lililoniangusha, nalo ni jelatini. Ni kweli kwamba jelatini nyingi duniani hutolewa katika nguruwe, na Mwislamu ana haki ya kuuliza. Kosa langu halikuwa kuuliza. Kosa langu ni kwamba sikuuliza, nilihukumu. Iko jelatini ya ng'ombe na ya samaki. Yako maganda yaliyofanywa kwa mimea. Viko vidonge vigumu na vya kutafuna visivyo na ganda. Iko dawa ya maji, na iko sindano. Lau ningemwambia, "Rudi kwa daktari, mwambie akubadilishie," jambo lingekwisha kwa siku moja, na dini yake na mwili wake vyote vingesalimika. Na pale ambapo badala haipatikani, mambo ya dharura yana mlango wake kwa wanavyuoni, wala si kwa mwalimu wa alifu na bee kama mimi. Nilipomwendea sheikh wetu nikamhadithia, aliniuliza neno moja tu: "Kabla ya kumkataza, ulimwuliza nani?" Sikuwa na jawabu.

Ama asali na habbat sauda, ni neema, wala sizidharau. Lakini B12 haimo katika asali wala katika habbat sauda, na asali ni sukari ambayo tumbo lile laweza kulikataa.

Na Ramadhani? Binti yetu alitaka kufunga na damu yake gramu 7, akilia kwamba hataki kukosa. Tulimkumbusha kwamba mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake ndani ya Qur'ani, ale na alipe siku nyingine, na kuipokea ruhusa si upungufu wa imani. Aliyepasuliwa karibuni hatakiwi kufunga, kwa sababu hawezi kunywa maji ya kutwa nzima kwa mkupuo mmoja usiku. Wako madaktari wanaotaka upite mwaka mzima au zaidi. Aliyekwisha tulia na akaruhusiwa, agawe vidonge vyake baina ya futari na daku bila ya kuvunja zile saa mbili za chuma na kalsiamu, asianze futari kwa sharubati, na akiona kizunguzungu afungue.

Mwisho, nina shauri kwa vijana na kwa kila anayefikiri kufanyiwa upasuaji huu. Msihesabu nauli na gharama ya kisu peke yake. Hesabuni pia vidonge vya kila mwezi mpaka mwisho wa umri, na kupimwa damu mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, khalafu kila mwaka bila ya kuacha. Ulizeni mapema, huko mtakakorudi kukaa, vidonge hivyo vyapatikana? Nani atavinunua? Maabara ya kupima i wapi? Nyumba isiyoweza kujibu maswali haya bado haijawa tayari. Na wale mlio Ghuba na kwingineko, mnapomletea ndugu zawadi, kwa aliyepunguzwa tumbo chupa ya vitamini ni bora kuliko manukato.

Binti yetu alitiwa chuma kwa mshipa na kuchomwa sindano za B12, mwanzo kwa kufuatana, sasa kila mwezi. Hamu ya udongo ilimwondoka kabla ya wiki tatu kwisha. Damu imerudi, rangi imerudi, na ngazi apanda akizungumza. Ila vidole viwili vya mguu wa kushoto bado havina hisi. Siku moja alijikwaa mlangoni pangu, damu ikamtoka, naye hakujua mpaka mtoto wake alipomwonyesha. Alicheka, akasema, "Si kitu, mjomba." Mimi nilikwenda kuchota maji ya kumwosha.

Basi ndugu zangu, mkiwa na mtu kama huyu nyumbani, jioni hii mwulizeni chupa zake ziko wapi, na tazameni kama zimepungua kama inavyostahili kupungua.

Wassalaam.
Mwalimu wenu.